MFALME ALIYEAZIMA PUNDA

Maneno yaliyosemwa mbele ya wakristo na walimu walipokutana kwa sikukuu ya jubilei



Nimeagizwa kusema nanyi habari za ufalme wa Bwana wetu Yesu Kristo. Tangu jana tumemwimbia Mfalme wetu nyimbo nyingi. Tumepamba milango ya kanisa kwa makuti na maua, ngoma zimepigwa, na akina mama wamepiga vigelegele hata sauti zikawakauka. Mambo haya ni mema, wala sitaki kuyapunguza. Lakini mtu aweza kumwimbia mfalme asimjue. Siku ile Bwana wetu alipoingia Yerusalemu, watu walitandaza nguo zao njiani na kukata matawi ya miti. Hata kabla ya juma kwisha, mji ule ule ulijaa sauti za watu watakao asulibiwe. Walitaka mfalme, lakini si mfalme wa namna ile.

Basi leo nataka tuulizane neno moja tu: Mfalme wetu ni mfalme wa namna gani? Maana watu hufanana na mfalme wanayemtii. Tukikosea kumjua yeye, tutakosea na kuishi kwetu, ingawa nyimbo zetu ni tamu.

Wana wa Israeli, kama mjuavyo, hapo kwanza hawakuwa na mfalme. Wakamwendea Samweli katika uzee wake, wakataka awawekee mfalme kama mataifa mengine. Samweli akawaonya. Someni sura ya nane ya kitabu chake cha kwanza, mhesabu ni mara ngapi latajwa neno la kutwaa. Mfalme atatwaa wana wenu wawe askari wake, wapige mbio mbele ya magari yake. Atatwaa binti zenu wampikie. Atatwaa mashamba yenu na mizabibu yenu, na fungu la kumi la mazao yenu awape watumishi wake. Atatwaa na punda zenu, awatie katika kazi yake. Na mwisho, ninyi wenyewe mtakuwa watumwa wake. Hii ndiyo desturi ya mfalme wa dunia: kazi yake ni kutwaa. Watu wakasikia maneno haya yote, na bado wakamtaka.

Sasa wekeni neno hili la punda moyoni, maana tutalirudia.

Miaka mingi baadaye nabii Zekaria, katika sura ya tisa, aliuambia Yerusalemu ufurahi, kwa kuwa mfalme wake anakuja, naye ni mwenye haki, mnyenyekevu, amepanda punda. Nasi tukisikia habari hii huwaza mara moja juu ya unyonge. Punda kwetu ni mnyama wa mizigo. Aliyefika Lamu amewaona katika vichochoro vyembamba wakibeba mawe na mchanga, nao hawapewi sifa wala shukrani. Lakini katika Israeli ya kale kupanda punda hakukuwa aibu. Waamuzi walipanda punda, na wana wa waamuzi pia. Tofauti ya punda na farasi ilikuwa hii: farasi alikuwa mnyama wa vita. Mtu akija kwa farasi na gari la vita, watu hufunga milango. Akija juu ya punda, watoto hutoka nje kumtazama.

Na nabii hakuishia hapo. Katika mstari ufuatao asema kwamba magari ya vita yataondolewa katika Efraimu, na farasi katika Yerusalemu, na upinde wa vita utakatwa. Angalieni sana, ndugu zangu. Efraimu na Yerusalemu si miji ya adui. Ni watu wake mwenyewe. Mfalme wa dunia huwanyang'anya adui zake silaha, akawapa watu wake. Mfalme huyu huanza na nyumba yake. Huwaambia walio wake waweke silaha chini, ndipo awahubiri mataifa amani. Kama amani haijaanza katika sisi tumwitao Mfalme, haijaanza bado.

Haya, turudi kwa punda. Marko atuambia katika sura ya kumi na moja ya kwamba Bwana alipokaribia Bethfage na Bethania aliwatuma wanafunzi wawili wamlete mwana-punda aliyefungwa. Mtu akiwauliza, waseme Bwana anamhitaji, naye atamrudisha upesi. Mwaona? Mfalme aliyeagizwa na Samweli angetwaa punda. Mfalme wetu hakuwa hata na punda wa kupanda siku ya kutawazwa kwake. Aliazima, akaahidi kurudisha. Katika jambo dogo hilo namwona Mfalme mzima. Nguvu zote ni zake, lakini hamnyang'anyi mtu wa kijijini mnyama wake. Na vivyo hivyo aliazima chumba cha kulia karamu ya mwisho, na kaburi alilolazwa lilikuwa la mtu mwingine, nalo alilirudisha siku ya tatu.

Lakini kitabu cha Zekaria kina neno la pili juu ya jambo hili, nalo limefichika kidogo. Katika sura ya kumi na moja mchungaji awaambia watu wampe ujira wake, nao wampimia vipande thelathini vya fedha. Ndiyo hesabu ile ile ambayo wakuu wa makuhani walimpa Yuda Iskariote. Kwa nini thelathini? Fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya ishirini na moja. Sheria yasema ng'ombe wa mtu akimpiga pembe mtumwa akafa, mwenye ng'ombe atamlipa bwana wa mtumwa shekeli thelathini za fedha. Hiyo ndiyo bei ya mtumwa. Basi siku chache baada ya kuingia mjini kama mfalme, Bwana wetu aliuzwa kwa bei ya mtumwa mmoja aliyeuawa na ng'ombe.

Ndugu zangu, hapa mimi siwezi kupita upesi, na nadhani hata ninyi hamwezi. Mataifa mengine husoma habari hii kama jambo la kale. Sisi watu wa nchi hizi tunajua bei ya mtu ni nini. Njia za misafara zilipita katika vijiji vya babu zetu. Watu walitoka pande za Nyasa na Tanganyika, wakashuka pwani, wakavushwa bahari hata Zanzibar, wakasimamishwa sokoni, wakakaguliwa meno na mikono kama mnyama, wakatajiwa bei. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga masoko ya watumwa. Na siku ya Noeli ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa katika uwanja wa soko lile. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi wake miaka kadha wa kadha, naye alipokufa mwaka 1882 alizikwa nyuma ya madhabahu. Waendao kulizuru kanisa lile huonyeshwa mahali pa madhabahu, wakaambiwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti wa kuwafungia watumwa na kuwapiga.

Wengine husema, Kanisa lilishinda soko, na hiyo ndiyo maana ya jengo lile. Mimi nasema maana yake yazidi hiyo. Madhabahu ile haikuwekwa pale kama bendera ya mwenye kushinda vita. Iliwekwa pale kwa sababu Mfalme anayehudumiwa juu yake aliuzwa mwenyewe. Alikuwa na haki ya kusimama mahali pale kuliko mtu yeyote, maana alijua soko.

Wala tusijidanganye. Kufunga soko hakukuwa kufunga utumwa. Katika Zanzibar sheria haikuacha kuutambua utumwa mpaka mwaka 1897, na katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Jengo laweza kujengwa kwa miaka michache. Moyo wa kutwaa hauondoki upesi hivyo.

Walimu wenzangu, ninyi mpendao lugha, niwaonyeshe jambo moja katika Kiswahili chetu. Tuna neno mtumwa, na neno mtumishi, na neno mtume. Yote matatu yametoka katika shina moja, nalo ni tuma. Mtumwa ni yule anayetumwa asiulizwe kama anataka. Mtumishi ni yule atumikaye. Mtume ni yule aliyetumwa na mkuu kubeba neno lake. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wafilipi, asema kwamba Kristo alijifanya hana utukufu, akatwaa hali ya mtumwa. Hili ndilo jambo pekee alilolitwaa Mfalme wetu. Hakutwaa mashamba wala wana wa watu. Alitwaa hali ya mtumwa, ili sisi tuwe watumishi na mitume. Tena katika Yohana sura ya kumi na tano awaambia wanafunzi kwamba hatawaita watumwa tena, bali rafiki. Yeye alishuka neno moja, nasi tukapandishwa.

Na usiku ule kabla ya kufa aliwaonyesha kwa kitendo. Sisi humwamkia mkubwa wetu, Shikamoo, na wazee hutuambia maana yake ya asili ni kusema, nashika miguu yako. Mdogo humshika mkubwa miguu, tena kwa neno tu. Usiku ule Mkubwa aliwashika wadogo miguu, wala si kwa neno, bali kwa mikono, na maji, na kitambaa. Petro akaona vibaya, kama sisi sote tungaliona vibaya. Na Yuda alikuwa miongoni mwao, na miguu yake nayo ikaoshwa.

Labda mtu atauliza moyoni, Je, upole huu si udhaifu? Watu wapole huonewa. Namjibu, tazama sawasawa. Mfalme huyu mpole ndiye aliyeingia hekaluni akapindua meza za wabadili fedha. Alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakupiga, lakini wala hakunyamaza. Aliuliza, kama nimesema vema, wanipigia nini? Aliposimama mbele ya Pilato alisema kwamba ufalme wake si wa dunia hii, ndiyo sababu watumishi wake hawakupigana. Mwenye askari alikuwa Pilato, naye Yohana atuambia kwamba ndiye aliyeogopa. Mpole si mtu asiyeweza neno. Mpole ni mtu mwenye nguvu asiyezitumia kwa kujipatia mwenyewe.

Sasa niseme neno zito. Kumwita Kristo Mfalme hakutoshi. Mwaka 1946 Mwami Mutara III Rudahigwa aliiweka nchi yake ya Rwanda chini ya Kristo Mfalme. Hata mwaka 1994, kabla ya miaka hamsini kutimia, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wabatizwa waliwaua wabatizwa wenzao, na watu wengi waliokimbilia makanisani waliuawa humo humo makanisani. Wako pia waliokufa kwa sababu walikataa kuua au waliwaficha jirani zao, nao walimjua Mfalme. Siwataji majirani zetu ili niwahukumu. Nawataja kwa sababu na sisi tumeweka leo jina la Mfalme juu ya milango yetu. Kama nabii alivyosema, upinde hukatwa kwanza katika Yerusalemu. Je, katika mitaa yetu hakuna upinde? Hakuna anayesema, watu wa kabila lile hawatatutawala kanisani? Hakuna nyumba mbili zilizoacha kupeana moto kwa sababu ya mpaka wa shamba, nazo zapokea komunyo katika madhabahu moja?

Wala nisiwaseme wengine nikajiacha. Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule ya kijiji, nilikuwa na desturi ambayo walimu wengi walikuwa nayo, na mimi sikuona neno. Kila asubuhi, kabla ya kengele, watoto wanne walinichotea maji kisimani wakaleta nyumbani kwangu. Siku ya Ijumaa darasa zima lilinilimia muhogo. Nikisimama mlangoni mwa shule na fimbo yangu, nilijiona mtu mkubwa. Na siku ya Jumapili nilikuwa ndimi niwafundishao watoto wale wale habari za Mfalme mpole.

Palikuwa na bibi mmoja mzee sana aliyekuwa akifagia kanisa. Mama yake aliuzwa utotoni, akakombolewa, akabatizwa. Asubuhi moja nikampita njiani nikamwamkia, Shikamoo, bibi. Akaitikia, Marahaba, mwanangu. Kisha akasimama akiegemea ufagio wake, akiwatazama watoto wanaopanda kilima na ndoo vichwani. Akaniambia, "Mwalimu, mama yangu alikuwa mkubwa kama yule msichana wa mbele alipoletwa pwani. Alinihadithia kwamba bwana wake hakuwa mkali sana, wala hakumpiga kila siku. Lakini alisema, maji hayakuwa yangu, ndoo haikuwa yangu, na asubuhi haikuwa yangu. Basi mimi nawaona watoto hawa kila siku, najiuliza, asubuhi hii ni ya nani?"

Hakusema zaidi. Akaendelea kufagia. Mimi nalikwenda zangu kwa hasira, nikijiambia kwamba bibi yule hajui mambo ya shule. Lakini neno lake likanifuata. Usiku nalikaa na Biblia yangu, nikafungua bila kuchagua kitabu cha Samweli, na kila mstari ulikuwa ukinitaja mimi: atatwaa, atatwaa. Kesho yake nikachukua ndoo mwenyewe nikaenda kisimani. Wanawake wakacheka. Mwalimu mwenzangu mmoja akanikasirikia, akasema nawavunjia heshima walimu wote. Sitawadanganya kwamba watoto wakawa malaika tangu siku ile. La, wakazidi kelele kidogo. Lakini wakaanza kuniuliza maswali darasani, jambo ambalo hawakulifanya hapo kwanza. Mtoto hamwulizi maswali yule anayemwogopa.

Basi, ndugu zangu, jubilei ni wakati wa kurudisha. Ndivyo sheria ya Musa ilivyoagiza: mwaka wa hamsini shamba lilirudi kwa mwenyewe, na Mwebrania aliyejiuza aliachwa huru. Na Mfalme wetu aliahidi kumrudisha punda. Nawasihi kila mmoja aende nyumbani akajiulize, Nimetwaa nini ambacho si changu? Padre ajiulize kama kiti chake kimekuwa kirefu mno hata wajane hawawezi kumfikia. Mzee wa kanisa atazame daftari la sadaka. Mwalimu atazame asubuhi za watoto. Mwenye mke ajiulize, Je, huyu ni rafiki yangu, au nimemfanya wa kutumwa tu? Na aliye na shamba la ndugu yake, alirudishe kabla ya mvua, maana baada ya kupanda ni vigumu.

Wala msikate tamaa mkasema, sisi ni watu wadogo, tutaweza nini? Kanisa katika nchi hizi lilianza na watu waliokuwa na bei. Cecil Majaliwa alikuwa mtoto wa utumwani. Akakombolewa, akafundishwa, akawatumikia Wayao huko Chitangali, na mwaka 1890 akawekwa mikono awe padre, wa kwanza katika Waafrika wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Aliyekuwa mtumwa akawa mtumishi, na mtumishi akawa mtume. Ndiyo njia ile ile aliyoishuka Mfalme, yeye akaipanda. Waliotuletea Injili nao hawakuwa malaika. Wako waliofuata punda, na wako waliopenda farasi. Lakini waliokumbukwa kwa upendo vijijini mwetu hata leo ni wale waliokuja bila kutwaa.

Na yule bibi mfagiaji alifariki miaka mingi iliyopita. Jina lake halikuandikwa katika kitabu hiki cha jubilei, wala hapana jiwe juu ya kaburi lake. Nasadiki kwamba Mfalme amejua pa kumkalisha.

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyeingia mjini mwako kwa punda wa kuazima, na kuuzwa kwa bei ya mtumwa, vunja upinde ulio ndani yetu kwanza. Utufundishe kurudisha tulichotwaa, na kushika miguu ya walio wadogo kwetu. Hata siku ile utakapokuja, utukute si watumwa wa hofu, bali rafiki zako. Nawe uishi na kutawala pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, hata milele. Amina.